Moyo Mnene wa Mwalimu wa Jioni

Mwalimu wetu wa Biolojia alikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya sentensi. Anasema, "Seli ya moyo haifanani na seli ya ngozi kwa sababu," kisha anatulia. Chaki iko juu, macho yako dirishani, na darasa zima tumebaki tunaning'inia kama mapaja ya ng'ombe kwenye ndoano. Halafu anaimalizia sentensi palepale alipoiachia, bila kurudia hata neno moja. Sisi wanafunzi wa jioni, watu wazima wenye ndevu na wajukuu, tuliamini ile ni mbinu ya ualimu wa hali ya juu. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akipigia debe mabasi ya Arusha aliiiga kabisa: anaita "Moshi, Arusha," ananyamaza, anatazama mlimani, abiria wanamtazama, basi linaondoka.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba Mwalimu alikuwa anatafuta pumzi.

Mimi nauza nyama. Bucha yangu iko Same, jirani na stendi, mahali ambapo upepo ukiamua kuvuma unakuvua kofia, unavua na bati la jirani, na siku moja, naapa, ulinyanyua maini robo kilo kutoka kwenye mizani yangu ukampelekea mbwa ng'ambo ya barabara. Niliishia darasa la saba. Nilipofika umri wa kuitwa mzee na watoto wa watu, nikaona aibu kusainiwa fomu na binti yangu, nikajiandikisha darasa la jioni. Tulikuwa tunaanza saa kumi na moja, kila mtu akitoka kazini na harufu yake. Mimi nilinukia mafuta ya ng'ombe. Mama Neema, mama ntilie wa stendi, alinukia vitunguu, na kwa sababu tulikaa dawati moja, Mwalimu alisema akitusogelea anasikia njaa.

Alituita "wazee wenzangu", hata yule wa miaka ishirini na mbili. Ukimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," anajibu, "Marahaba, kaa, chora." Kuchora ndiyo ilikuwa dini yake ya pili baada ya Ulutheri. Neno "nimeelewa" hakuliamini hata kidogo.

"Usiniambie umeelewa. Nichoree."

Siku moja vijana wawili wa bodaboda waligongana mbele ya darasa letu, wakashikana mashati. Mwalimu akatoka na chaki yake, akamtaka kila mmoja achore kwenye lami alikokuwa anatoka. Wakachora, huku bado wameshikana kwa mkono mmoja mmoja. Mchoro ukaonyesha kwamba wote wawili walikuwa upande usio wao. Wakatazamana, wakaachiana mashati, wakaondoka kila mtu na pikipiki yake iliyopinda. Mwalimu akarudi ndani akilalamika jambo moja tu, kwamba wamemmalizia chaki.

Maana kwa chaki alikuwa bahili kuliko Wapare wote niliowahi kuwaona, na mimi nimezaliwa nao, nimeoa kwao, na mwenyewe ni mmoja wao. Kipande kikibaki ukubwa wa punje ya mahindi bado anaandikia, kucha zinakwaruza ubao mpaka meno yanatusisimka. Lakini taa ya darasa ilipoungua, ni yeye aliyekuja na nyingine mfukoni, akapanda juu ya dawati akaiweka mwenyewe, na tulipotaka kumshukuru akakasirika.

Halafu damu. Mwalimu wa Biolojia, mtu aliyeweza kukuchorea mzunguko wa damu akiwa amefumba macho, hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Mke wake, ambaye sisi tulimwita Mama Mwalimu, alituambia kwamba Krismasi anayemchinja kuku ni yeye, na mume wake anatumwa shambani kuangalia maharage ambayo hata hayajaota.

Kwa hiyo nilipoambiwa nilete moyo wa ng'ombe darasani, nilitegemea kumdaka akianguka. Niliuchagua vizuri, moyo wa dume kubwa lililotoka Kwakoa kwa miguu, nikaufunga kwenye gazeti, nikauweka juu ya meza yake. Hakuanguka. Aliushika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga kanisani, akaugeuza, akaniomba kisu.

Nikamwambia, "Mwalimu, kata mshazari, utaona vyumba vyote."

"Wewe ndiye mtaalamu, Bwana Bucha. Mimi nimesoma tu."

Tangu siku hiyo nimejiita mtaalamu wa moyo. Nimeshika mioyo mingi kuliko daktari yeyote kutoka hapa mpaka Moshi. Tofauti ni kwamba yangu yote ilikuwa imeshaacha kupiga.

Alitupitishia moyo ule dawati kwa dawati. Kila mtu aingize kidole chumba cha kushoto, apime ukuta. Kisha akauliza: moyo ukipewa kazi nzito kila siku, presha iko juu, damu inasukumwa kwa nguvu miaka na miaka, seli zake zinafanya nini?

"Zinazaana," akasema mpiga debe.

"Hazizaani. Seli za moyo wa mtu mzima karibu hazizaani kabisa. Zilezile ulizonazo ndizo zitakazobeba. Kwa hiyo?" Akanyamaza, chaki juu. "Zinanenepa."

Mama Neema akafurahi. "Basi si vizuri, Mwalimu? Mtu akinenepa si ndiyo anakula vizuri? Moyo mwembamba wa nini?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akachora duara ubaoni, ukuta mwembamba, nafasi kubwa ndani. Pembeni akachora jingine, ukuta mnene, na ndani pamebaki tundu la kupitisha ncha ya kalamu.

"Ninyi mnaijua ndiva," akasema.

Nani Upare haijui ndiva? Ni bwawa la mawe na udongo ambalo wazee wetu walijenga mlimani. Maji ya chemchemi yanaingia usiku kucha, asubuhi mzee wa ndiva anazibua tundu, maji yanateremka kwa mfereji shamba hadi shamba, kila mtu kwa zamu yake. Mwalimu kwao ni Vudee, na shamba lake la maharage lilikunywa kwenye ndiva ya hukohuko. Akatueleza kilichoipata ndiva yao. Maji yalipopungua, watu waliitana msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo pembe ikipulizwa asubuhi kila nyumba inatoa mtu. Wakaamua kuuimarisha ukuta, kila mwanamume alete jiwe. Lakini upande wa nje wa ukuta ni shamba la mtu, na sisi tunajulikana: ukiweka jiwe moja ndani ya mpaka wa mwenzako umewaachia wajukuu kesi. Kwa hiyo mawe yote wakayaweka upande wa ndani. Mwaka uliofuata maji yakapungua zaidi. Wakaongeza mawe, ndani tena. Mwaka wa tatu vilevile.

"Leo hii," akasema Mwalimu, "tuna ukuta imara kuliko wa boma la Wajerumani. Maji ya kujaza sufuria."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Mpiga debe alianguka kabisa kutoka kwenye benchi. Kama hakuanguka, basi aliinama sana.

"Na moyo uliobeba presha ndivyo unavyojijenga. Ukuta kwa ndani."

"Sasa nani anabeba hayo mawe, Mwalimu?" akauliza Mama Neema.

"Sisi wote. Na mimi."

"Na unajua?"

"Najua."

"Na unabeba?"

"Mama Neema, asiyebeba jiwe, zamu yake ya maji inarukwa. Tuendelee."

Tukaendelea, na hapo ndipo somo lilipokuwa tamu mpaka leo silisahau. Alisema unene hauanzii ukutani. Ndani ya kila seli ya moyo mna mitokondria kwa maelfu, vile vinu vinavyotengeneza nishati, na moyo una vingi kwa sababu haupumziki hata Jumapili. Kila kinu kina ngozi mbili, na ngozi ya ndani ina vimilango vidogo mno, kila kimoja na mgeni wake. Kuna mlango wa kalsiamu. Kuna mlango wa potasiamu. Kalsiamu ikiingia kwa kiasi, kinu kinachapa kazi. Ikifurika, kinu kinaanza kutoa moshi, ndivyo alivyouita, kemikali kali zinazounguza kila kilicho jirani. Moshi ukifika kwenye kiini cha seli, kiini kinausoma kama amri: kazi imezidi, nenepa. Na ukizidi kabisa, unafunguka mlango mmoja mkubwa ambao heri usingefunguka, nguvu yote inavuja, seli inakufa. Zilizobaki zinabeba mzigo wa marehemu, nazo zinanenepa zaidi.

"Na ule wa potasiamu?" nikauliza. Nilitaka aone bucha haijalala.

"Ule ndio wa busara. Ukifunguka kidogo, unapunguza ule mvuto unaoiita kalsiamu kwa fujo. Kinu kinatulia. Watafiti wameona maabara, kwenye seli za wanyama, kwamba milango ile ikisaidiwa kufunguka, seli hazinenepi sana. Kwa binadamu bado wanatafuta. Mtu akikuuzia kidonge cha kufungua milango ya mitokondria hapo stendi, mkimbie."

"Kwa hiyo sisi tufanye nini?"

"Presha ipimwe. Chumvi ipungue. Na dawa ya presha inywewe kila siku, wazee wenzangu, kila siku, umepona hujapona. Si dawa ya kichwa ile, ya kumeza kikiuma. Nichoreeni."

Tukachora. Mchoro wangu ninao mpaka sasa, umebandikwa buchani juu ya mizani, na wateja wengi wanadhani ni ramani ya Mkomazi.

Mtu huyo aliyetuambia kila siku, yeye mwenyewe alikuwa hamezi.

Niligundua kwa viatu. Alikuja buchani Jumamosi moja kununua nyama ya supu, na nilipoinama kuokota kisu nikaona kamba za viatu hazijafungwa. Mwalimu ambaye hata soksi alizipiga pasi! Nikatazama vizuri. Miguu ilikuwa imejaa, ngozi inang'aa juu ya kiatu kama mkate uliozidi chombo. Nikakumbuka mambo mengine kwa pamoja. Kwaya ya kanisani kwao alikuwa anaimba besi, sauti ya kutikisa madirisha mpaka Suji, na siku hizi alikuwa anafungua mdomo tu kwenye noti ndefu. Nikakumbuka na zile sentensi zinazokatika katikati.

"Mwalimu," nikasema, "ingia ndani ukae."

"Nina haraka."

"Huna. Kaa. Unaumwa nini?"

Alikaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa, akasema ni uchovu tu.

"Nichoree," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akachukua karatasi ya kufungia nyama, akatoa kalamu, akachora lile duara la pili, lenye ukuta mnene. Chini yake hakuandika kitu. Alikuwa ameshapigwa picha ya moyo kwa mashine, hospitali ya mbali ambako hakuna anayemfahamu. Daktari alimpa dawa mbili za kumeza maisha yote, akamkataza chumvi na kubeba mizigo mizito.

"Na unameza?"

"Siku nikijisikia vibaya."

Jamani. Nilitaka kumpiga na paja la mbuzi. "Si wewe uliyetuambia..."

"Najua nilichowaambia, Bwana Bucha. Nilikisema vizuri, na ni kweli." Akapumua. "Moja ya zile dawa inakojoza. Kila baada ya dakika ishirini. Wewe utafundishaje watu wazima, akina mama wamekaa mbele, unatoka darasani mara nne? Utapandaje gari la Vudee?"

"Utapandaje gari la Vudee ukiwa ndani ya sanduku?"

Nikauliza tena, sasa kwa upole, maana ni mwalimu wangu na ananizidi umri: na mawe? Msaragambo unaofuata atafanyaje?

"Nitabeba."

"Utakufa."

"Nikisema mbele ya watu kwamba siwezi kubeba jiwe, mpaka jua linazama kijiji kizima kinajua nimekwisha. Zamu ya maji wataanza kunionea huruma wampe mwingine. Kwenye kikao nikisimama kusema, watasema, mwacheni mgonjwa aongee. Mimi nimebeba jiwe tangu nikiwa na umri wa kuoa, sijawahi kukosa hata mara moja. Sikumwambia hata mke wangu. Nimekwambia wewe kwa sababu ya hizo kamba za viatu. Usimwambie mtu."

Nikaapa sitamwambia mtu. Na kweli sikumwambia mtu, nilimwambia Mama Neema.

Najitetea hivi: yeye alikuwa anampikia chakula cha jioni siku za darasa, na chumvi iko mkononi mwake. Lakini kumwambia Mama Neema ni sawa na kukodi gari la matangazo. Kuanzia Jumatatu ile Mwalimu aliletewa maharage yasiyo na chumvi, mchicha usio na chumvi, na ugali umekatwa nusu.

"Mama Neema, leo chumvi imeisha mjini?"

"Imepanda bei, Mwalimu."

"Mbona mwenzangu hapa anayo?"

"Huyo ana moyo mwembamba."

Mwalimu akanigeukia. Mimi nikawa nimezama kwenye bakuli langu, nasoma chini kulivyo. Alikula yote, na kuanzia wiki ile darasa lilipata utaratibu mpya uliotangazwa na Mama Neema, kwamba watu wazima wana vibofu vya watu wazima, kila nusu saa tunapumzika wote, wanaume kulia, wanawake kushoto. Mwalimu alitoka na sisi kila mara akiwa wa mwisho, kana kwamba anatusindikiza. Naamini muhula ule alimeza dawa zote. Miguu ilipungua, kamba zikafungwa. Sentensi zikaanza kufika mwisho bila kusimama njiani, na mpiga debe akalalamika kwamba Mwalimu amepoteza ile mbinu yake.

Lakini mawe hakuacha. Mwaka ule pembe ilipopulizwa alipanda Vudee, akabeba, na akarudi Jumatatu midomo imepauka kama ubao uliofutwa vibaya. Nikamuuliza. Akasema, "Lilikuwa jiwe dogo." Mama Mwalimu, ambaye kwa wakati huo Mama Neema alikuwa ameshahakikisha anajua kila kitu, alinipigia simu akasema lilikuwa kubwa kuliko mtungi wa gesi, na kwamba mumewe alilala siku mbili na amekataa kulizungumzia.

Mtihani ulikuja tukaufanya. Nilipata C ya Biolojia, ambayo kwa muuza nyama ni sawa na A tatu. Swali la moyo lilitoka. Nilichora mpaka msimamizi akaniomba karatasi. Mwalimu alinipa mkono, akasema nimemletea sifa, kisha akanionyesha sehemu niliyoandika vibaya, maana alikuwa ameniagiza nimchoree upya jibu langu lote kutoka kichwani. Baada ya hapo aliacha kufundisha Same, akarudi kukaa Vudee moja kwa moja.

Nilimwona tena mwaka jana. Mvua zilikuwa zimebomoa kona moja ya ndiva yao, na Mama Mwalimu akanipigia. "Bwana Bucha, Jumamosi kuna msaragambo. Na ameanza tena kutafuta jiwe. Mimi hanisikii." Nilifunga bucha, nikafunga paja zima la ng'ombe nyuma ya pikipiki kama mchango wa kazi, nikapanda. Ile barabara, wenzangu, ina kona mia tisa, na kila kona nilimwomba Mungu wa madhehebu yote.

Nilifika watu wameshajaa. Wanaume wako kwenye rundo la mawe, wanawake wako upande wa moto, makande yanachemka kwenye sufuria ambayo ng'ombe angeweza kuogea. Mzee wa ndiva amesimama juu ya ukuta na fimbo yake, anatazama nani kabeba nini. Huyu mzee niliambiwa ndiye sheria yenyewe. Zamu ya maji alishawahi kumnyima mtoto wake wa kumzaa kwa kuchelewa. Mwalimu alikuwa kwenye foleni. Alikuwa amepungua mwili, shati linapepea. Mbele yake kulikuwa na jiwe, na wala si dogo.

Nikapita katikati ya watu. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Hakusema kaa, hakusema chora. Alikuwa anatazama jiwe. Akainama, akalishika, akalitikisa kidogo. Mimi moyo wangu mwenyewe ulisimama, na kama mtaalamu nasema ulisimama kweli. Upande wa moto nikamwona Mama Mwalimu ameshika mwiko bila kukoroga.

Mwalimu akaliachia. Akanyooka taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Mzee," akasema kwa sauti ya darasani, ile ya kufika benchi la nyuma. "Mimi siwezi kubeba. Nina ugonjwa wa moyo. Ukuta wake umenenepa kwa ndani. Mara ya mwisho nilibeba na nusura nife njiani, sikuwaambia. Naomba kazi nyingine."

Wanaume wakasimama na mawe mikononi. Mpaka mbuzi walinyamaza.

Mzee wa ndiva akashusha fimbo. "Una cheti?"

"Kiko nyumbani."

"Sheria inasema jiwe. Mtu akija tu na kusema moyo, kesho wote mtakuja na mioyo."

Hapo nikaruka. "Mzee, shikamoo. Mimi ni shahidi. Nimeshika mioyo elfu kumi kwa mikono hii, namfahamu mgonjwa, na jiwe lake nalibeba mimi."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni bucha."

Watu walicheka mpaka mmoja akadondosha jiwe lake mguuni. Likaanza bishano letu la kawaida. Wengine wakasema mtu wa Same hawezi kubebea nyumba ya Vudee. Wengine wakasema mchango wa paja la ng'ombe ni zaidi ya jiwe. Mmoja akataka liandikwe lipelekwe kikaoni. Mwisho mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka kwenye moto:

"Kama hawezi mawe, aje huku amenye vitunguu! Kazi si kazi?"

Wanaume wakaguna. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu akapike na akina mama?" na wenzake wakachekea viganjani.

Mwalimu akatembea, mbele ya macho ya kila mtu anayemfahamu duniani, kutoka kwenye foleni ya wanaume mpaka kwenye moto. Ni hatua kama arobaini. Sijawahi kuona safari ndefu namna ile. Mama Mwalimu akasogea kwenye gogo, akampa kisu na beseni la vitunguu. Akaanza kumenya.

Mimi nilibeba lile jiwe, na naomba niseme ukweli mara hii moja: nilisaidiwa na watu wawili.

Kazi ilipopoa kidogo nilikwenda kukaa naye. Alikuwa anamenya vibaya sana, anapoteza nusu ya kitunguu, na wanawake walikuwa wanamsema bila huruma, naye anacheka. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, akasema ni vitunguu.

Nikaona kivuli kimetusimamia. Mzee wa ndiva, fimbo mkononi. Nikajua amekuja kudai cheti.

Alitazama nyuma yake kwanza, akahakikisha wanaume wako mbali. Akainama kama mtu anayetafuta kitu majivuni.

"Mwalimu," akasema polepole. "Huyo daktari wako anapatikana wapi?"

"Kwa nini, Mzee?"

"Mimi nalala nimekaa. Nikijilaza chali, pumzi inakata. Mwaka wa pili huu. Hata nyumbani hawajui, wanadhani nalinda ndiva."

Mwalimu alijisogeza kwenye gogo, akapapasa nafasi iliyobaki pembeni yake. Mzee akageuza macho kwa wanaume kule ukutani, akaiegemeza fimbo yake kwenye sufuria ya makande, akakaa.

Mwalimu akampa kitunguu.